KANGAGA LA NDANI YA NYUMBA: LITAMBUE KWANZA, NDIPO ULIFUFUE

   Wekeni daftari mbele yenu. Kiongozi wa darasa, kama ulipata jani la kangaga kama tulivyokuomba, liweke mezani ili kila mtu alione.

Somo letu la leo ni juu ya mmea unaoonekana katika nyumba nyingi, barazani, dirishani, au katika ofisi. Umepandwa katika chungu au kopo. Zamani majani yake yalikuwa mengi, ya kijani kibichi, yakining'inia vizuri. Leo nusu yake ni makavu, na kila ukipita yanapukutika sakafuni. Pengine aliyekuwa akiutunza amehama. Pengine alikuwa mama au bibi, naye hayupo tena, na kopo lile ni katika vitu vichache vilivyobaki alivyovishika kwa mikono yake. Watu wa nyumbani wanasema, "Umekufa huo, tupa."

Usitupe kwanza. Mmea huo ni kangaga, na kangaga huonekana limekufa huku lingali hai. Lakini pia usikimbilie kumwaga maji. Maji yanayoponya kangaga moja huliua jingine. Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili, nayo yafuatane hivi: kwanza kulitambua, pili kulitibu. Mganga hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa.

KANGAGA NI MMEA WA NAMNA GANI?

Kangaga ni mmea usiotoa maua. Halizai tunda wala mbegu. Ukikaa nalo miaka ishirini hutaona ua hata moja. Ukoo wake ni wa kale sana. Makangaga yalikuwako duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla ya mmea wowote wenye maua. Leo wataalamu wanahesabu zaidi ya aina elfu kumi. Zipo ndogo kama ukucha, na zipo zenye shina refu kama mnazi mchanga.

Katika nchi zetu makangaga hupenda mabonde yenye mito, kingo za visima, na misitu ya milimani yenye ukungu. Ukienda Usambara Mashariki, mahali panapoitwa Amani, ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, utayaona chini ya miti, juu ya mawe, na hata juu ya matawi. Kumbuka picha hiyo: kivuli, unyevu, majani yaliyooza chini, na hewa isiyo kavu. Hapo ndipo kwao. Tukilileta kangaga nyumbani tukaliweka penye jua kali, upepo na moshi wa jiko, tumelitoa kwao bila kulipa riziki ya njiani.

VIDOA CHINI YA JANI

Sasa geuzeni jani, mtazame upande wa chini.

(Hapa redio itanyamaza kidogo. Kiongozi wa darasa apitishe jani kwa kila mwanafunzi.)

Mmeona vidoa vya rangi ya kahawia? Wengi wakiviona hushtuka na kusema mmea una ugonjwa. Wengine huchukua kitambaa wakavisugua. Sivyo. Vidoa hivyo ndivyo uzazi wa kangaga. Ndani ya kila kidoa mna vifuko vidogo sana, na ndani ya vifuko mna vumbi jembamba liitwalo spora. Vumbi hilo huchukuliwa na upepo. Likianguka mahali penye unyevu, huota kitu kidogo cha kijani, chembamba, chenye umbo la moyo, kisichozidi ukubwa wa ukucha. Kitu hicho ndicho chenye sehemu za kiume na za kike, na mbegu ya kiume lazima iogelee katika tone la maji ili iifikie ya kike. Baada ya hapo ndipo kangaga lenyewe huchipua. Sasa mnafahamu kwa nini makangaga hayaachani na maji. Bila tone la maji hayazaliani.

Lakini kuna mdudu anayefanana na vidoa hivyo. Huitwa mdudu gamba. Hukaa kimya kama kigaga, akinyonya utomvu. Utamtofautisha vipi na kidoa? Vidoa vya uzazi vina mpango. Vimekaa kwa safu, au kwa mistari, au pembeni mwa jani, kila upande sawa na mwenzake, na viko chini ya jani tu. Wadudu gamba wametawanyika ovyo, hata juu ya jani na kwenye uti wake. Mkwaruze mmoja kwa ukucha: kama ni mdudu atabanduka mzima, na mara nyingi majani huwa na kitu cha kunata. Basi, penye mpango ni uzazi, pasipo mpango ni mdudu.

TUTAMBUE AINA TANO

Mimea tutakayoitaja hapa ni ile inayoonekana sana majumbani. Shika jani mkononi, soma maneno haya polepole, ulinganishe.

Ya kwanza: kangaga la upanga. Jani lake ni refu na jembamba, limefanana na kuti dogo la mnazi: uti mmoja katikati, na vipande vingi vidogo pande zote mbili. Kila kipande kimeshikwa kwenye uti kwa kiungo, na jani likikauka vipande hukatika hapo, uti ukabaki mtupu kama fimbo. Ndiyo sababu sakafu huchafuka. Tazama pia vikamba vyembamba vinavyoning'inia nje ya chungu kama uzi. Wengine huvikata wakidhani ni mizizi iliyopotea njia. Hivyo ndivyo vinavyozaa miche mipya vikigusa udongo. Ndugu yake wa porini huota katika sehemu zenye unyevu Afrika Mashariki, hata juu ya mashina ya michikichi. Lile linalouzwa sana katika vyungu duniani hutokana na mmea mmoja ulioonekana mwaka 1894 katika shehena iliyotoka Philadelphia kwenda Boston, huko Marekani. Majani yake yalipinda kwa uzuri kuliko ya wenzake, likapewa jina la mji wa Boston. Hilo halizai kwa spora. Kila moja limetokana na sehemu ya jingine.

Ya pili: kangaga la vijiti vyeusi. Vijiti vyake ni vyembamba, vyeusi, vinang'aa kama waya au unywele. Vipande vya jani ni laini sana, vina umbo la kipepeo mdogo. Maji yakidondoka juu yake huteleza yakaanguka, jani likabaki kavu. Vidoa vyake vimefichwa chini ya ukingo wa jani uliokunjwa. Hili ndilo lenye kiu kuliko yote. Ukilisahau siku chache penye joto, hukauka lote.

Ya tatu: kangaga la kiota. Majani yake hayakugawanyika. Ni mapana, yameinuka pamoja kwa duara kama kiota cha ndege, na uti wa katikati ni mweusi. Chini yake vidoa ni mistari iliyoinama. Msituni hukaa juu ya miti, likikusanya majani makavu yaangukayo ndani ya kiota.

Ya nne: kangaga la pembe. Halikai katika udongo, bali hushika mti au ubao. Nalo lina majani ya namna mbili. Moja limebana kama ngao, nalo huwa la kahawia na kavu. Jingine hutokeza nje, limegawanyika kama pembe zenye matawi, au pana kama sikio la tembo. Pwani ya Kenya na Tanzania ina aina yake ya asili. Onyo: ile ngao kavu si uchafu. Ndiyo inayoshika maji na kulinda mizizi. Usiibandue.

Ya tano siyo kangaga kabisa, ingawa watu huliita hivyo. Majani yake ni kama sindano laini au manyoya, mashina yake mara nyingi yana miiba midogo, nao hutoa maua madogo meupe na vitunda vyekundu au vyeusi. Tumesema nini juu ya kangaga? Halitoi ua. Basi huu ni ndugu wa mboga iitwayo asparaga. Mizizi yake mara nyingi ina vinundu vya kuhifadhi maji, kwa hiyo ukiumwagilia kama kangaga utaoza. Tena vitunda vyake si chakula. Usimwachie mtoto avichume.

JE, LIMEKUFA AU LI HAI?

Sasa tumelijua jina. Tuchunguze uhai. Fanya mambo manne.

1. Inua chungu. Kama ni chepesi mno, udongo umekauka. Kama ni kizito na udongo unanuka, maji yamezidi.

2. Tafuta kitovu, yaani mahali majani yote yanapotokea. Kibonyeze kwa kidole. Kikiwa kigumu, tumaini lipo. Kikiwa teketeke na chenye harufu mbaya, kimeoza.

3. Tazama kitovuni kwa makini, utafute chipukizi lililojikunja kama mkia wa kinyonga. Kila jani jipya la kangaga huzaliwa limejikunja hivyo, kisha hujikunjua taratibu. Ukiona hata moja lililo bichi, mmea ni hai.

4. Ukiweza, toa mmea chunguni utazame mizizi. Hapa wengi hukosea. Wamezoea kusikia kwamba mzizi mweupe ni mzima na mzizi mweusi umeoza. Mizizi ya makangaga mengi ni myeusi au ya kahawia hata ikiwa na afya. Usihukumu kwa rangi. Uvute mzizi mmoja: ukiwa imara kama uzi, ni mzima. Ganda likivuliwa kama soksi na ndani kukawa na rojo, umeoza.

Sasa mtaona kwa nini tulianza na jina. Kangaga la upanga lina vitovu vingi. Vitano vikifa, cha sita chaweza kulirudisha lote. La vijiti vyeusi laweza kukauka majani yote kisha likachipua kutoka shina lililo chini ya udongo, mradi shina hilo halijakauka. Lakini la kiota lina kitovu kimoja tu. Kikioza, hakuna jipya litakalotoka. Kwa hiyo usipoteze miezi ukilisubiri.

TIBA YA LILILOKAUKA

Kwanza, lizamishe. Udongo uliokauka sana hujikaza, na ukimwaga maji juu hupita pembeni yakatoka chini, mizizi ikabaki na kiu. Weka chungu chote katika ndoo ya maji hadi mapovu yaishe kutoka, yapata nusu saa. Kisha ulitoe, ulitegemeze mahali, maji yachuruzike yote. Fanya hivi kwa kangaga lililokauka tu.

Pili, kata majani yaliyokufa kabisa, karibu na kitovu, kwa kisu kikali au mkasi. Jani lenye nusu ya kijani liache. Bado linapika chakula cha mmea. La vijiti vyeusi likikauka lote, likate lote, ubakishe urefu wa vidole viwili juu ya udongo.

Tatu, lipe udongo mwepesi. Chukua sehemu mbili za udongo wa majani yaliyooza, sehemu moja ya mchanga wa mtoni, na sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili tu, maana chungu kikubwa hushika maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Ukitumia kopo, toboa matundu chini. Kopo lisilo na tundu ni kaburi. Usikifukie kitovu, kibaki juu ya udongo.

Nne, liweke penye mwanga usio wa jua kali. Utajuaje? Weka mkono juu ya karatasi mahali hapo. Kivuli cha mkono kikionekana hafifu, panafaa. Kikiwa cheusi chenye ukingo mkali, jua limezidi. Kisipoonekana kabisa, pana giza mno. Liwe mbali na jiko, na mbali na njia ya upepo.

Tano, usitie mbolea. Mmea mgonjwa hauwezi kuila, na chumvi zake huunguza mizizi. Subiri hadi majani mapya matatu au manne yafunguke, ndipo utie mbolea kidogo iliyochanganywa na maji mengi.

TIBA YA LILILOOZA

Hili ni kinyume. Usilizamishe. Litoe chunguni, utikise udongo wenye harufu, ukate mizizi na vitovu vilivyo teketeke. Gawa vitovu vilivyo vigumu, kila kimoja na mizizi yake na jani moja au mawili. Vipande katika udongo mpya wenye unyevu kidogo. Usimwagie tena mpaka ukichomeka kidole hadi kiungo cha kwanza usione maji. Sheria ya kidole ni bora kuliko sheria ya kalenda. Siku za masika na siku za kaskazi si sawa.

FUNZO LA DAKTARI NA CHUPA

Makangaga hutaka hewa yenye unyevu. Wengi huyanyunyizia maji majani, lakini maji hayo hukauka upesi, na hewa ikarudi kama ilivyokuwa. Iko njia bora, nayo iligunduliwa London.

Palikuwa na daktari aliyeitwa Nathaniel Ward. Alipenda makangaga, lakini kila alilopanda lilikufa kwa moshi wa viwanda. Mwaka 1829 alimweka mdudu katika udongo ndani ya chupa iliyofungwa, ili amwone akigeuka kuwa nondo. Baada ya muda akaona ajabu: kangaga dogo limeota humo. Mchana maji yalipanda kutoka udongoni yakaganda kwenye kioo, kisha yakarudi chini. Moshi haukuingia, unyevu haukutoka. Daktari akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 mimea ilisafirishwa humo kwa jahazi mpaka Sydney, ikafika hai. Baadaye miche ya chai ilivushwa kutoka China hadi India katika masanduku ya namna hiyo.

Wewe huna haja ya sanduku la kioo. Chukua chupa kubwa ya maji inayopitisha mwanga, uikate kitako, ulifunike kangaga dogo lililokatwa. Fungua kizibo kila siku kwa muda mfupi, hewa ibadilike. Usiiweke juani, maana ndani patachemka. Majani mapya yakianza kugusa chupa, izoeze mimea hewa ya nje kidogo kidogo kwa wiki moja, ndipo uiondoe.

NGOJA

Ukishafanya haya, mwezi wa kwanza huenda usione kitu. Chini ya udongo mizizi ndiyo inayotangulia. Mara nyingi mkia wa kinyonga huonekana baada ya wiki nne hadi nane. Jani lililokwisha kuwa kahawia halirudi kuwa kijani kamwe. Usilihesabu. Hesabu majani mapya. Kama miezi mitatu imepita, kitovu ni kikavu na hakuna chipukizi, basi limekufa kweli, nawe umefanya wajibu wako.

Likipona, usiliache peke yake. Ligawe, umpe jirani sehemu moja. Kangaga lililo katika nyumba mbili halipotei kwa ajali ya nyumba moja. Wala usiende kung'oa la msituni kuziba pengo. La msituni hufa upesi ndani ya nyumba, na msitu hubaki na upungufu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kitovu: mahali majani yote ya kangaga yanapotokea.
Spora: vumbi la uzazi la mmea usio na maua.
Mdudu gamba: mdudu mdogo anyonyaye utomvu, afananaye na kigaga.
Uti wa jani: mshipa mkubwa wa katikati ya jani.

MASWALI

1. Kwa nini mmea wenye vitunda vyekundu hauwezi kuwa kangaga?
2. Vidoa vya uzazi na wadudu gamba vinatofautianaje?
3. Kangaga lipi halirudi likioza kitovu? Kwa nini?
4. Kwa nini hatuhukumu mizizi ya kangaga kwa rangi?
5. Kwa nini tunalizamisha lililokauka na hatulizamishi lililooza?

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta kangaga moja, la kwako au la jirani. Andika sentensi tano: jani lake lina umbo gani, vidoa vyake vimekaaje, kitovu ni kigumu au laini, udongo una hali gani, nawe utafanya nini kwanza. Andika tarehe juu ya karatasi. Baada ya wiki sita uisome tena mbele ya mmea, uandike sentensi ya sita.